MAJI YANAYOJIFICHA NDANI YA MPIRA
Namna ya kuwazuia mbu wa mchana katika viatu vya jeki, matairi na vitu vingine vya mpira



Katika karatasi zilizopita tuliongea sana juu ya chandarua. Wengi mlisikia na mkafuata. Lakini wakati wa mvua zilizopita mama mmoja wa bloki yetu alinisimamisha njiani, akaniuliza hivi: "Mwanangu, wewe uliyesoma, nieleze. Watoto wangu wanaingia ndani ya chandarua kila jioni. Mbona wanaumwa na mbu saa tatu asubuhi, jua likiwa linawaka, wakicheza karibu na ile trela?"

Swali hilo ni zuri, na jibu langu la kwanza halikuwa zuri. Nilimwambia awakataze watoto wasicheze pale. Yeye akacheka, akasema: "Mbu nao utawakataza?" Basi tukaenda wote wawili hadi kwenye trela. Tulichokikuta pale ndicho kilichonifanya niandike maelezo haya.

TULICHOKIKUTA CHINI YA TRELA

Trela ile ndiyo inayobeba jenereta ya pampu ya maji. Gari liliileta, likaiacha, likaondoka. Ili isimame sawa bila kuyumba, imeinuliwa kwa jeki nne, moja kila pembe. Chini ya kila jeki kuna kipande cha mpira mzito, cha duara, chenye ukingo ulioinuka kama sahani. Mguu wa chuma unakaa katikati ya sahani hiyo. Katika karatasi hii tutakiita kiatu cha jeki. Kazi yake ni kuzuia mguu usizame katika matope na usiteleze.

Kiatu hicho ni kizuri kwa kazi yake, lakini kina kasoro moja. Mvua ikinyesha, maji yanateremka kwenye mguu wa chuma na kuingia ndani ya kiatu. Ukingo unayazuia yasitoke. Mpira hauyanywi kama udongo unavyoyanywa. Na kwa kuwa trela iko juu yake kama paa, jua haliyafikii ili yakauke. Ukipita umesimama huyaoni. Ni lazima uiname.

Tuliinama. Nilichota maji hayo kwa kijiko nikayatia katika kikombe cheupe. Hayakujaza hata nusu ya kikombe, lakini yalikuwa yanacheza. Viluwiluwi vilikuwa vinapanda na kushuka, vingine vikining'inia juu kwa mkia, vingine vimekwisha kujikunja kama alama ya koma. Hao waliojikunja ni mbu wa kesho au kesho kutwa. Yule mama akatazama ndani ya kikombe, kisha akatazama nyumba yake. Kati ya kikombe na mlango wake hazikuwepo hatua arobaini.

MBU SI WA AINA MOJA

Wengi wetu tumefundishwa kwamba mbu ni mbu tu. Sivyo. Kwetu sisi ni vizuri kuwajua watatu.

1. Mbu wa malaria. Huyu anauma usiku. Anapenda kuzaa katika maji ya wazi yanayopigwa na jua, kama madimbwi, mashimo ya kufyatulia matofali na nyayo za ng'ombe. Chandarua chenye dawa ndicho adui yake mkubwa.

2. Mbu wa maji machafu. Huyu naye anauma usiku na kutunyima usingizi. Anazaa katika vyoo vilivyojaa maji, mitaro iliyoziba na mashimo ya maji ya kuogea.

3. Mbu wa mchana. Huyu ni mweusi, ana alama nyeupe mwilini, na miguu yake ina mistari myeupe kama soksi za mchezaji. Wataalamu wanamwita Aedes. Anauma mchana, hasa saa chache baada ya jua kuchomoza, na tena kabla ya jua kutua. Anapenda kuuma miguuni, na mara nyingi humsikii akilia sikioni. Hazai mtoni wala ziwani. Anazaa katika vyombo: pipa, mtungi, kopo, tairi, na kiatu cha jeki.

Mbu huyu wa tatu ndiye anayeambukiza homa ya dengue, ambayo watu wa pwani tangu zamani waliiita kidinga popo. Anaambukiza pia chikungunya na homa ya manjano. Jina la chikungunya limetoka katika lugha ya Kimakonde. Ugonjwa huo ulitambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953, na jina lake linaeleza jinsi mgonjwa anavyopinda kwa maumivu ya viungo.

Msidhani kwamba hayo ni mambo ya nchi za mbali. Dengue ilienea Mombasa mwaka 2013, na Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Homa ya manjano ilianza Angola, ikavuka mpaka na kuingia Kongo mwaka 2016, hata watu wa Kinshasa wakapangwa foleni kuchanjwa kwa mamilioni. Ugonjwa hauombi kibali cha kusafiri. Unakwenda pale watu wanapokwenda, na ukifika pale mbu huyu alipo, unakaa.

KWA NINI MBU HUYU ANAPENDA MPIRA

Zipo sababu nne.

Kwanza, mpira ni mweusi. Mbu jike wa mchana anayetafuta mahali pa kutaga huvutwa na chombo cheusi kilicho kivulini.

Pili, mpira hauvuji wala haunywi maji. Mvua ya usiku mmoja inaweza kukaa ndani yake wiki nyingi.

Tatu, majani na vumbi vinaanguka ndani yake na kuoza. Hicho ndicho chakula cha viluwiluwi.

Nne, na hii ndiyo sababu iliyotushinda muda mrefu: mbu huyu hatagi mayai juu ya maji. Anayabandika kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai yenyewe ni madogo na meusi, na juu ya mpira mweusi jicho haliyaoni. Maji yakikauka, mayai hayafi. Yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakingoja. Siku maji yakipanda tena na kuyagusa, yanaanguliwa.

Ndiyo maana tairi kavu la wakati wa kiangazi linaweza kuwa tayari limebeba mbu wa masika yajayo. Ndiyo maana pia tairi linalobebwa juu ya kamyo linaweza kupeleka mbu kutoka mji mmoja hadi mwingine. Mwaka 1985 mbu wa ukoo huu kutoka Asia walikutwa wameenea Houston, katika nchi ya Marekani. Walikuwa wamevuka bahari wakiwa mayai, ndani ya matairi makuukuu yaliyopakiwa melini.

Kutoka yai hadi mbu anayeruka, palipo na joto kama letu, ni siku 7 hadi 10 hivi. Kumbukeni hesabu hiyo, maana kazi yote inategemea hapo. Ukikagua kila wiki, unamkuta bado yuko majini. Ukikagua kila mwezi, amekwisha kuruka na watoto wake wanafuata.

KOSA NILILOLIFANYA MIMI

Baada ya kuona vile vikombe, nilipita nyumba kwa nyumba katika bloki yetu. Mnajua kwamba wengi tunaweka matairi juu ya paa ili upepo usiibebe bashi. Nikawaambia watu: pandeni, pindueni matairi, mwageni maji. Watu walinisikiliza, wakafanya. Nikaandika katika daftari kwamba kazi imekwisha.

Wiki iliyofuata nikarudi na kikombe changu. Viluwiluwi vilikuwepo. Nikaona aibu, na nikadhani watu hawakufanya kazi kweli.

Mzee mmoja anayeshona katambuga za mpira alinionyesha kosa langu. Aliniita, akaweka tairi mbele yangu, akatia maji ndani, akaniambia: "Pindua." Nikapindua. Maji yakamwagika kidogo, mengine yakabaki. Nikapindua tena. Yakabaki tena. Mzee akasema: "Mwanangu, mpira una matumbo mawili. Ukiupindua, maji yanahama kutoka tumbo hili kwenda lile." Kisha akachukua chuma chenye ncha, akatoboa upande wa chini. Maji yote yakatoka yenyewe, hakuna aliyeyamwaga.

Hapo nikajifunza mambo mawili. La kwanza: kupindua siyo kumaliza maji. Palipo na tumbo, panahitaji tundu. La pili: watu wa bloki hawakuwa na kosa. Niliwafundisha kazi ambayo mimi mwenyewe sikuijaribu.

NAMNA YA KUFANYA

A. Viatu vya jeki, chini ya trela, matangi na jenereta

Kwanza onyo. Msiguse jeki. Msiifungue, msiiteremshe, msiingie chini ya trela. Jeki inabeba uzito mkubwa, na ikiteleza inaua. Watoto wasicheze hapo. Kutoboa kiatu ni kazi ya fundi, siku trela inapoinuliwa kwa usalama. Lakini ni vizuri mjue fundi anapaswa kufanya nini, ili muweze kumwomba.

1. Tundu litobolewe kwenye ukingo, pale unapokutana na sakafu ya kiatu. Lisitobolewe chini, katikati. Kiatu kinalala juu ya udongo, kwa hiyo tundu la chini linazibwa mara moja, na tena linapunguza nguvu pale uzito unapokaa.

2. Matundu yawe mawili au zaidi, kila upande, ili moja likizibwa na matope jingine lifanye kazi. Unene wa tundu uwe sawa na kalamu ya risasi au kuzidi. Tundu la msumari mwembamba linaziba kwa mvua ya kwanza.

3. Chini ya kiatu iwekwe kokoto iliyoshindiliwa vizuri, isiwe udongo mtupu. Maji yanayotoka yawe na mahali pa kwenda, yasirudi kutengeneza dimbwi.

4. Kila wiki mtu mmoja apitishe kijiti katika matundu.

5. Trela ikiondolewa, viatu visiachwe chini. Visuguliwe ndani kwa brashi, vitundikwe chini ya paa.

Fundi atafurahi pia kwa sababu yake mwenyewe. Maji yanayokaa kati ya chuma na mpira yanakula mguu wa jeki kwa kutu. Tundu moja linaokoa watoto na linaokoa chuma.

Je, wakati mnamngoja fundi mfanye nini? Sisi tulipeleka habari, na fundi akaja baada ya siku kumi na mbili. Mmekwisha kuona hesabu: siku kumi na mbili zinatosha mbu kuzaliwa. Yule mama hakungoja. Alifunga kitambaa kwenye ncha ya fimbo ndefu, akiwa nje ya trela, akanyonya maji katika kila kiatu na kukamua kitambaa juu ya mchanga mkavu. Alirudia baada ya kila mvua hadi fundi alipofika. Kazi yenyewe haikufika robo saa.

B. Matairi ya juu ya paa

1. Tairi lisilofaa tena kwa gari litobolewe, au likatwe vipande vilivyo bapa. Kipande bapa kinazuia bashi sawasawa na tairi zima, na hakina tumbo la kuweka maji.

2. Ukitoboa, toboa upande unaolala chini, pale panapobonyea zaidi. Toboa matundu matatu au manne kuzunguka, maana paa limeinama na maji yatakwenda upande mmoja. Ubavu wa tairi ni laini. Sehemu inayokanyaga barabara mara nyingi ina nyaya za chuma ndani, itakusumbua na kukukata mkono.

3. Kabla ya kulirudisha juu, sugua ndani kwa brashi ngumu, au gunzi la mahindi na mchanga. Hapo ndipo unapong'oa mayai. Kumwaga bila kusugua ni kufukuza mama na kuwaacha watoto ndani.

4. Tazama na bashi yenyewe. Palipolegea panafanya bakuli. Ikaze, au inua kwa mti kutoka chini.

C. Matairi ya mafundi wa baiskeli, pikipiki na magari

Ndugu mafundi, hatusemi mtoboe tairi ambalo bado lina kazi. Hiyo ni mali yenu na ni chakula cha watoto wenu. Tunaomba likae kavu. Liwekeni chini ya paa. Kama hakuna paa, yapangeni moja juu ya jingine na kuyafunika kwa bashi iliyokazwa, isiyo na bonde juu yake. Tairi linaloingia kutoka nje ya kambi lisuguliwe ndani siku hiyo hiyo, hata kama ni kavu.

D. Matairi ya bustani na ya kukalia

Tairi la bustani lijazwe udongo hadi juu, mpaka tumbo la ndani lote lijae. Panda lengalenga au kitunguu. Udongo ukishuka, ongeza. Tairi la mtoto kuchezea au la kukalia litobolewe kama la paani. Buti za mvua zilizoachwa nje, kandambili zilizokwisha na vipande vya mipira ya ndani: viwekwe ndani, au vizikwe.

MASWALI MLIYOYAULIZA

Swali: Maji ni shida hapa. Tunasimama foleni kwenye robine tangu alfajiri. Na ninyi mnatuambia tumwage maji?

Jibu: Hapana. Maji ya kunywa na kupikia msiyamwage. Yafunikeni. Bidoni iwe na kizibo chake. Pipa liwe na kifuniko kinachobana, au kitambaa safi kilichofungwa kwa kamba, kisicholegea. Pipa likiisha maji, kabla ya kujaza tena, sugua kuta zake za ndani. Lifanyeni hilo kila wiki. Jambo hili ni kubwa. Mwaka 2004 chikungunya iliwapata watu wengi sana wa mji wa Lamu, Kenya, na wakati huo ulikuwa wa ukame. Mbu hawakutoka katika mvua. Walitoka katika vyombo vya maji vilivyokaa nyumbani bila kufunikwa vizuri.

Swali: Je, tunaweza kumwaga oili chafu ya gari ndani ya tairi?

Jibu: Tusifanye hivyo. Oili itamwagika, itaingia udongoni, na itatufikia katika maji na mboga. Tundu halina gharama, na halihitaji kuongezwa kila wiki.

Swali: Je, tuyachome matairi yote yaishe?

Jibu: Hapana kabisa. Moshi wa tairi ni sumu, unaumiza mapafu ya watoto na wazee. Na moto huo ukishika nyumba moja ya majani, hatutakuwa na muda wa kuongea juu ya mbu.

Swali: Nimesafisha kwangu, lakini jirani yangu hataki. Nifanye nini?

Jibu: Mbu huyu haruki mbali. Mara nyingi anaishi na kufa karibu na chombo alichozaliwa, mita mia moja au mia mbili hivi. Maana yake ni mbili. Anayekuuma leo, pengine amezaliwa kwako au kwa jirani yako wa karibu. Na nyumba kumi zikikubaliana, zinaona faida, hata kama kambi nzima bado. Usiende kwa jirani na maneno makali. Nenda na kikombe cheupe. Chota, mwonyeshe. Mimi sijamwona mtu aliyetazama ndani ya kikombe kile akasema si kazi yangu.

Swali: Basi chandarua tuache?

Jibu: Msiache. Malaria bado inaua, na mbu wake ni wa usiku. Tena chandarua kina kazi mchana pia: mtoto mchanga anayelala mchana alale ndani yake. Na mgonjwa mwenye homa alale ndani yake mchana, ili mbu asichukue ugonjwa kwake na kuupeleka kwa wengine.

MTU AKIPATA HOMA

Homa yoyote, nenda kituo cha afya upimwe malaria kwanza. Kipimo kikionyesha malaria, meza dawa zote ulizopewa. Kisipoonyesha malaria, usiseme "basi si kitu." Dengue huanza ghafula: homa kali, kichwa kuuma, maumivu nyuma ya macho, viungo na mifupa kuuma, na pengine vipele. Mweleze mganga hayo yote.

Mkimtunza nyumbani, mpeni maji ya kunywa mara kwa mara. Kwa homa na maumivu, paracetamol peke yake, kwa kipimo alichoagiza mganga. Msimpe aspirini, ibuprofeni wala diclofenac kutoka dukani, kwa sababu zinaweza kuzidisha kutoka damu.

Mrudisheni kituoni haraka, hata usiku, mkiona mojawapo ya dalili hizi: tumbo kuuma sana, kutapika mara nyingi, damu puani au kwenye fizi, damu katika matapishi au choo kuwa cheusi, kupumua kwa shida, mwili kulegea sana au mgonjwa kuhangaika. Angalieni zaidi siku homa inaposhuka. Wengi hufurahi siku hiyo na kuacha kumwangalia mgonjwa, lakini kwa dengue hiyo ndiyo siku ya hatari.

Kuhusu homa ya manjano ipo chanjo, na kwa watu wengi chanjo moja inatosha maisha yote. Wakija kuchanja, msikimbie.

JE, KAZI HII INAFAA KWELI?

Wengine watasema: matundu katika mpira, hiyo ndiyo dawa ya ugonjwa? Wasikilize habari hii.

Mwaka 1881 Wafaransa walianza kuchimba mfereji mkubwa huko Panama. Wafanyakazi walikufa kwa maelfu kwa homa ya manjano na malaria. Katika hospitali yao, ili kuzuia sisimizi wasipande vitandani, miguu ya vitanda iliwekwa ndani ya vibakuli vya maji. Hawakujua walichokuwa wanakifanya. Walikuwa wanafuga mbu chini ya wagonjwa wenyewe. Mguu wa chuma ndani ya bakuli la maji: ndugu zangu, hicho si kiatu cha jeki?

Mwaka huo huo wa 1881 daktari mmoja wa Cuba, Carlos Finlay, alisema kwamba homa ya manjano inaletwa na mbu. Wengi walimcheka. Mwaka 1900 kundi la madaktari wa jeshi la Marekani waliofanya kazi Cuba lilithibitisha kwamba alisema kweli. Wamarekani waliposhika kazi ya mfereji mwaka 1904, walituma watu nyumba kwa nyumba kufunika mapipa, kumwaga maji ya makopo na kukausha madimbwi. Chanjo ilikuwa bado haijapatikana. Kufikia mwisho wa mwaka 1906 homa ya manjano ilikuwa imekwisha katika eneo lile. Iliondolewa kwa kazi kama hii tunayoiongelea hapa.

KATIKA BLOKI YETU

Sasa kila Jumamosi asubuhi, kabla ya soko, vijana wanne wanapita na vikombe vyeupe, kijiti na brashi. Wanaanza kwenye trela, wanamalizia kwa mzee wa katambuga. Mafundi wa pikipiki walijenga kipaa kidogo cha majani kwa ajili ya matairi yao. Yule mama ndiye anayeongoza kundi. Mimi nabeba daftari tu, na sasa siandiki "kazi imekwisha" mpaka nimetazama ndani ya kikombe mwenyewe.

Tunaomba kila bloki ichague siku yake na watu wake. Hakuna fedha inayohitajika. Anayehitaji kuonyeshwa namna ya kutoboa aje tukae naye, tutamwonyesha kwa mkono.

KUMBUKENI

1. Inama utazame. Maji mabaya ni yale yaliyojificha.
2. Mpira una matumbo mawili. Usipindue tu, toboa.
3. Tundu liwe upande wa chini, nene kama kalamu.
4. Usimwage tu, sugua. Mayai yako ukutani.
5. Maji ya kutumia yafunikwe, yasimwagwe.
6. Kila wiki, siku ile ile. Siku saba, siyo thelathini.
7. Jeki na trela ni kazi ya fundi. Sisi tunanyonya maji kwa kitambaa tukiwa nje.

Kinga ni bora kuliko tiba. Tafadhali ukimaliza kusoma karatasi hii usiifungie karanga. Mpe jirani, na asiyejua kusoma umsomee.